Uzoefu wangu: tuisheni ya jioni ya sentensi za "if", Mji Mkongwe

Nimemaliza miezi miwili ya tuisheni ya Kiingereza kwa mwalimu mmoja anayesomesha nyumbani kwake Mji Mkongwe, baada ya sala ya magharibi. Nilikwenda kwa jambo moja tu, sentensi za masharti. Nataka kufanya kazi ya kutembeza watalii, na Kiingereza changu kinakwenda vizuri mpaka nifike kwenye "if". Hapo naanza kubabaika.

Mfano ni vile vita vya tarehe 27 Agosti 1896, baina ya Waingereza na Khalid aliyejitangaza sultani wa Zanzibar, ambavyo havikufika hata saa moja. Nikivisimulia mbele ya jumba la Beit-al-Ajaib nilikuwa nasema: "If Khalid would have left the palace, the British would not have fired." Skuli nilichorwa alama nyekundu kwa sentensi za aina hiyo mwaka baada ya mwaka, na sababu sikuambiwa. Mwalimu huyu aliandika kwanza Kiswahili ubaoni: "Khalid angalitoka kasri kabla ya saa tatu asubuhi, Waingereza wasingalipiga mizinga." Akazipigia mstari zile -ngali- mbili. Akasema, "Mnaona wanangu? Sisi tunaiweka pande zote mbili. Mwingereza 'would' yake anaiweka upande mmoja tu, na si ule wenye 'if'." Basi ikawa "If Khalid had left". Usiku ule nilirudi nyumbani nikiisema njia nzima.

Kosa la kutia "will" baada ya "if" asili yake ni nyengine, hilo halitoki kwenye Kiswahili chetu. "Ukienda Jozani utaona kima punju" sisi tunatumia -ki-, wala hatusemi "kama utakwenda" ila kwa kusitasita. Anayesema "If you will go to Jozani" ameacha -ki- yake. Kiingereza ni "If you go", basi.

Lililonigusa zaidi ni -nge- na -ngali-. Sisi vijana tunazichanganya, lakini bibi yangu wa Wete hazichanganyi hata siku moja. Akikwambia "ungekuja", mlango bado uko wazi. Akikwambia "ungalikuja", shughuli imeshapita na pilau limeshaliwa. Kumbe ndiyo hiyo tofauti ya "if you came" na "if you had come" iliyonitesa miaka yote, nami nilikuwa nayo nyumbani! Mwalimu alieleza pia kwamba "came" pale haina maana ya jana. Kitenzi kinarudi nyuma hatua moja kwa kuwa jambo lenyewe liko mbali na ukweli. Ndiyo maana hata "If I were you" inazungumzia sasa hivi.

Mazoezi yake ni ya mdomo zaidi. Mmoja anaanza, "If the boat is late...", wa pili anamalizia, wa tatu anaigeuza iwe ya jambo lililopita. Nilijaribu kabla mazoezi ya kwenye simu, yale ya kujaza nafasi, na nilikuwa napata yote. Nikisimama mbele ya mgeni, yote yananipotea. Ulimi unahitaji kuzoezwa peke yake.

Lawama ninazo. Tulikuwa zaidi ya ishirini katika chumba kimoja, na madaftari yalisahihishwa mara moja kwa wiki. Sentensi za mchanganyiko alizipita haraka, akatwambia tusizitumie. Hapo sikubaliani naye. "If I had studied, I would have a job now" ni Kiingereza sahihi, na Kiswahili kinayo vilevile: ningalisoma, sasa ningekuwa na kazi. Mtu anayetafuta kazi anaihitaji sentensi hiyo kuliko nyingi nyengine.

Kwa shilingi elfu thelathini kwa mwezi, nimeridhika, na mwezi ujao narudi. Ukienda, wahi kiti cha mbele. Taa ni moja, na walio nyuma hawauoni ubao.