Tathmini ya vidonge vinavyodaiwa kuamsha seli shina za moyo

Vidonge hivi vya dondoo za mimea, ambavyo mtengenezaji wake sitamtaja, huuzwa kwa watu waliopata mshtuko wa moyo. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti ina mchoro wa mfupa wa paja, na mshale mwekundu unaotoka kwenye uboho hadi moyoni. Chini yake imeandikwa kwamba vidonge huongeza seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) katika damu, nazo huenda kuijenga upya misuli iliyokufa. Nimeisoma karatasi hiyo neno kwa neno, kwa sababu wanunuzi wake ni watu wenye hofu ya kweli, na wanastahili kuelezwa ukweli wote.

Sehemu ya kwanza ya mshale ni sahihi. Mshipa unaoulisha moyo unapoziba, misuli iliyokosa oksijeni huanza kufa, na eneo lililojeruhiwa huongeza protini iitwayo SDF-1, ambayo huzivuta seli za uboho zenye kipokezi cha CXCR4, yaani protini ya juu ya seli inayoinasa SDF-1. Katika siku zinazofuata, seli zenye alama ya CD34, ambayo hutambulisha seli shina za damu, huongezeka katika damu na baadhi yake hufika kwenye jeraha. Mwili hufanya hayo wenyewe, bila kidonge chochote.

Yanayotokea baada ya hapo karatasi imeyaruka. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba seli za uboho zimegeuka kuwa misuli ya moyo katika panya. Mwaka 2004 maabara nyingine zilifanya majaribio ya aina hiyo, zikazifuatilia seli kwa alama za kijenetiki, zikakuta kwamba hazikugeuka misuli. Kazi ya seli hizo, kadiri inavyoonekana sasa, ni ya usaidizi: hutoa kemikali zinazochochea mishipa midogo ya damu kuota na zinazoathiri uvimbe, huku pengo lenyewe likizibwa na kovu. Hata utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba panya waliodungwa seli zilizokufa walipata nafuu pia, kwa kuwa kinga ya mwili ndiyo iliyoamka na kuliimarisha kovu. Moyo wa mtu mzima huzalisha upya takribani asilimia 1 tu ya seli zake za misuli kwa mwaka akiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya kiwango hicho akifika 75, ilhali mshtuko mkubwa unaweza kuua seli zipatazo bilioni moja.

Tena, wazo la kuzisukuma seli nyingi zaidi ziingie katika damu limekwisha kupimwa kwa dawa yenye nguvu halisi. G-CSF, ambayo hospitali huitumia kuzitoa seli shina kwenye uboho, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba seli ziliongezeka sana, lakini nguvu ya moyo kusukuma damu haikuzidi ya wale waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha kutibu. Mtengenezaji wa vidonge hivi hataji jaribio lolote la wagonjwa wa moyo.

Kasoro inayonisikitisha zaidi ni kwamba hakuna hata mstari mmoja unaomwonya mgonjwa asiache dawa za kuzuia damu kuganda na za kupunguza kolesteroli alizoandikiwa. Sivipendekezi vidonge hivi, na anayevitumia tayari amwonyeshe daktari wake pakiti hiyo, kwani dondoo za mimea huweza kuingiliana na dawa hizo.