Barabara ya Kulipia ya Kampala–Entebbe: Elfu Tano Inanunua Nini Hasa?

Kwa anayetoka Naalya au Ntinda, kaskazini-mashariki ya Kampala, kuwahi ndege, shilingi 5,000 za gari dogo kwenye barabara ya kulipia ya Entebbe ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa aliyeko Zana tayari, kwenye barabara ya zamani isiyolipiwa, saa nne asubuhi, naye anakwenda Kisubi tu, ni sadaka kwa Serikali. Tofauti hiyo haitokani na lami. Lami ni nzuri. Inatokana na mahali barabara inapoanzia na inapoishia: unazolipia ni kilomita za katikati, huku miisho yake ikiwa ya bure, na jamu yake pia ya bure.

Shina lake ni kilomita 37, kutoka Busega, ukingoni mwa Kampala, kupitia Kajjansi mpaka Mpala, karibu na Entebbe, na ukijumlisha tawi la Munyonyo unapata kama kilomita 50. Njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, mwendo wa juu kilomita 100 kwa saa. Boda boda, baiskeli na waenda kwa miguu hawaruhusiwi. Kampuni ya Kichina ya CCCC ilianza kuijenga Novemba 2012 kwa gharama ya dola milioni 476, ambazo milioni 350 kati yake ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Ilifunguliwa Juni 2018, ikatumika bila malipo kwa miaka mitatu na nusu, na tozo ikaanza tarehe 8 Januari 2022. Kazi ya kuikusanya ilipewa kampuni ya Kifaransa, Egis.

Sehemu yenye kazi kubwa ni daraja la Nambigirwa, mita 1,450, ndilo refu kuliko yote Uganda. Abiria wengi hulipita bila kujua wako darajani, maana chini hakuna mto wa kuonekana, ni kinamasi cha mafunjo tu. Kinamasi ndicho kigumu zaidi. Chini ya mafunjo kuna udongo laini uliojaa maji na mizizi iliyooza. Ukimwaga kifusi juu yake, kinadidimia. Unaongeza kingine, nacho kinadidimia, na hata baada ya lami kuwekwa tuta huendelea kushuka kidogo kidogo kwa miaka. Wajenzi wana njia mbili: kuchimba ule udongo wote na kujaza mawe mpaka wafike chini pagumu, au kusimamisha nguzo na kupita juu. Kinamasi kikiwa kirefu na kipana, nguzo ndizo huwa nafuu, na maji yanaendelea kupita kuelekea ziwani. Mahali pa kukagua daraja lolote la namna hii ni pale tuta linapokutana nalo: tuta hushuka, daraja halishuki, na gari linaruka. Ukianza kuusikia mshtuko huo ukiwa kwenye mwendo wa 100, jua matengenezo yamechelewa. Ule mlio wa "tak-tak" wa kila baada ya mita kadhaa juu ya daraja si kasoro. Ni viungo vilivyoachwa ili zege litanuke kwa joto.

Sasa Busega, na hapa ndipo barabara hii inapopoteza alama. Busega inapokea Masaka Road, barabara hii ya kulipia na Northern Bypass (barabara inayozunguka mji upande wa kaskazini), zote kwa pamoja. Ili kuelewa kwa nini panasonga, angalia historia ya hiyo bypass yenyewe. Kampuni ya Salini ya Italia ilianza kuijenga 2004, ikafunguliwa 2009: kilomita 21 kutoka Bweyogerere mpaka Busega, lakini 3.5 tu kati ya hizo ndizo zilizokuwa na barabara pacha. Kilomita 17.5 zilizobaki zilikuwa njia moja kwenda na moja kurudi, na kila ilipokutana na barabara kubwa ya kuingia mjini paliwekwa mzunguko (kipilefti kwa ndugu zetu wa Tanzania). Kwa hiyo dereva aliyekwepa jamu ya mjini aliikuta Naalya, kisha Hoima Road, kisha Sentema. Kuruka majivu kukanyaga moto.

Kosa halikuwa mzunguko wenyewe. Mzunguko hufanya kazi vizuri magari yakiwa ya wastani na kila upande ukileta kiasi kinachokaribiana. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo aliye ndani anatokea kulia kwako, na ndiye mwenye haki ya kupita. Shida inaanza upande mmoja ukileta msururu usiokatika: walio upande unaofuata hawapati upenyo. Ya pili ni mbaya zaidi. Taksi inasimama kushusha abiria mita chache baada ya kutoka kwenye mzunguko, mkia unarudi nyuma mpaka ndani ya duara, na pande zote zinajifunga, hata zile ambazo hazielekei huko. Ndipo askari wa trafiki anaingia. Anafungulia upande mmoja kwa dakika nyingi mfululizo, na msururu aliouachia unakwenda kujaza mzunguko wa mbele, ambako mwenzake naye analazimika kufanya vivyo hivyo. Upanuzi wa bypass uliopewa kampuni ya Mota-Engil 2014 ulijenga barabara ya pili na kupitisha magari juu ya sehemu kama Naalya na Hoima Road. Dawa ilikuwa hiyo, ila iligharimu ujenzi mara mbili. Katikati ya mji, Fairway walichagua kung'oa duara na kuweka taa, na Clock Tower wakajenga flaiova kwa mkopo wa Japani. Kibuye, kwenye njia ya zamani ya Entebbe, bado ni Kibuye: jamu ile ile.

Malipo. Pikipiki kubwa inayozidi cc 400 ni 3,000. Gari dogo, pikapu na basi dogo lisilofika viti 25 ni 5,000. Lori la ekseli mbili na basi la viti 25 au zaidi ni 10,000. La ekseli tatu 15,000. Ekseli nne na kuendelea 18,000. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto hayalipi. Kwenda na kurudi kila siku ya kazi, siku 22 kwa mwezi, gari dogo linakula 220,000, kwa hiyo mtumiaji wa kila siku apige hesabu hiyo kabla ya kupanga nyumba Entebbe. Unaweza kulipa taslimu, kwa kadi ya kugusa, au kwa kifaa kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Wanaolipa taslimu washike pesa mkononi mapema. Noti ya 50,000 inachelewesha mstari mzima.

Kabla ya kuingia, angalia magurudumu. Tairi za mtumba ambazo mjini hazina neno, huweza kupasuka zikikimbia 100 kwa dakika ishirini mfululizo, hasa upepo ukiwa mdogo, kwa sababu ubavu wa tairi unajikunja na kupata joto. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3117 maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2017. Jaza mafuta kabla. Acha mita 56 kati yako na wa mbele, yaani sekunde mbili. Mvua ikinyesha, mara mbili ya hapo. Ukiharibikiwa, toka kabisa mpaka kwenye bega la barabara, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na abiria wasimame nje ya vyuma vya kingo. Ukipitwa na njia ya kutokea usirudi nyuma hata mita kumi. Endelea mpaka inayofuata.

Wa Kansanga, Bunga na Ggaba wasihangaike na Busega. Tawi la Munyonyo linawafaa zaidi, na halina msongamano. Wa katikati ya mji wasubiri waone hali ya Kibuye na Najjanankumbi. Ikiwa njia ya zamani inatembea, ifuate, na uamuzi ufanyike Kajjansi, ambako unaweza kuingia ukikuta mbele pamesimama. Busega mpaka Mpala ni dakika 22 kwa hesabu, 25 hadi 30 kwa hali halisi. Baada ya Mpala uko tena kwenye barabara ya kila mtu, pamoja na Abayita Ababiri, Kitooro na ukaguzi wa usalama kwenye geti la uwanja wa ndege, kwa hiyo mwenye tiketi aongeze nusu saa nyingine juu ya hiyo, na jioni ya Ijumaa aongeze saa nzima.