Stendi ya lapu stili: ya snea inashinda, lakini pima mapaja kabla ya kulipa

Anayecheza lapu stili, gitaa linalolazwa na kuchezwa kwa kutelezesha kichuma juu ya nyuzi, akiwa ameketi bila pedali ya sauti, hana haja ya stendi. Gitaa hili lilizaliwa kulala mapajani, tangu siku za Joseph Kekuku, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa uchezaji huu, kule Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na hata Rickenbacker A-22, gitaa la umeme lililoingia sokoni mwaka 1932, lilitengenezwa liwe dogo la kukaa mapajani. Stendi inakuwa ya lazima pale mguu unapotakiwa kukanyaga pedali ya sauti, maana goti likipanda na kushuka gitaa linacheza nalo. Inahitajika pia ukitaka kusimama jukwaani, au ukibadilishana lapu stili na gitaa la kawaida katikati ya wimbo.

Hukumu yetu iko hivi. Kwa anayeketi, stendi ya snea, ile ngoma ndogo ya seti ya dramu, yenye miguu ya vyuma viwiliviwili, ikiwekewa kibao cha plaiwudi juu, inazishinda nyingi zinazouzwa kwa jina la stendi ya lapu stili. Kwa anayesimama, stendi ya kinanda yenye umbo la X inafaa, lakini kila mkono wa X uwe wa vyuma viwili. Mwenye gitaa la shingo mbili atafute miguu ya kufungwa kwenye gitaa lenyewe, aachane na mengine yote.

Kosa la wauzaji wengi ni kuisifu stendi kwa kilo inazobeba. Lapu stili ya nyuzi sita ina kilo 2.5 hadi 4 hivi; karibu stendi yoyote itazibeba. Kinachoiumbua stendi mbovu ni msukumo wa pembeni, kutoka kichwa cha gitaa kwenda brijini, pale nyuzi zinapoishia upande wa mwili. Mkono wa kushoto unatelezesha kichuma cha gramu 200 hadi 250 juu ya nyuzi, na vibrato yote, kule kutetemesha sauti, inachezwa kwa kukisukuma na kukivuta kuelekea huko huko zinakolala nyuzi. Chukua gitaa lenye nyuzi za inchi 22.5, yaani sentimita 57.15 kati ya nati (kipande kinachobeba nyuzi upande wa kichwa) na briji. Kutoka mstari wa 12 hadi wa 13, katika ile mistari ya shingoni inayoonyesha noti, ni milimita 16. Vibrato ya kawaida hapo, milimita 4 kila upande, inapandisha na kushusha sauti kwa robo ya nusu-toni, yaani robo ya hatua ya mstari mmoja hadi unaofuata. Sasa gitaa likifuata mkono kwa milimita 2 tu, nusu ya vibrato imepotea. Mchezaji anaongeza nguvu, stendi nayo inaongeza kuyumba, na mstari aliokuwa ameulenga unamponyoka. Kule chini kwenye mstari wa kwanza, ambako nusu-toni ina milimita 32, kasoro hiyo haisikiki sana. Kwa hiyo stendi isijaribiwe kwa kupiga nyuzi wazi dukani. Weka kichuma mstari wa 12, piga vibrato pana, na macho yabaki kwenye kichwa cha gitaa. Kikitikisika na kuendelea kutikisika baada ya mkono kutulia, rudisha.

Stendi ya snea

Kampuni za Pearl, Tama, Yamaha na Gibraltar zote zinazitengeneza, na kwa sababu makanisa mengi siku hizi yana ngoma, hata zile zisizo na jina hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, bila kuagiza nje. Faida yake ya kwanza ni miguu mitatu. Kitu cha miguu mitatu hakichezi hata sakafu ikiwa na mabonde, jambo ambalo meza ya miguu minne hailiwezi. Faida ya pili ni kwamba sehemu ya juu inainama, na lapu stili hupendeza ikiinamishwa kidogo kumwelekea mchezaji: digrii 5 zinatosha, na zikizidi 10 gitaa linaanza kutafuta njia ya kushuka.

Kabla ya kulipa, pima. Vaa viatu utakavyochezea, keti kwenye kiti utakachotumia, weka mguu wa kulia juu ya pedali ikiwa imenyanyuliwa mwisho, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi juu ya paja. Kwa kiti cha sentimita 45, watu wengi wanaangukia kati ya 58 na 63. Ongeza sentimita 3 za nafasi. Hapo ndipo sehemu ya chini ya kibao inapotakiwa kufika, na hapo pia ndipo stendi nyingi nyepesi za snea zinapofikia kikomo, kwa sababu zimetengenezwa kwa ngoma inayokaa kati ya magoti, na ngoma yenyewe ina kina chake. Bomba likivutwa hadi mwisho, kipande kinachobaki ndani ni kifupi na chote kinalegea. Tafuta stendi inayofika walau sentimita 70, ili ikiwa kwenye urefu wako ibakize sentimita 8 au zaidi za bomba ndani ya bomba. Zipo pia stendi ndefu za snea za okestra, za kuchezea ukiwa umesimama. Hizo zinamfaa hata mchezaji wa lapu stili anayesimama, ila hakikisha miguu yake inapanuka vya kutosha.

Mikono mitatu ya juu imekusudiwa kushika ngoma ya inchi 12 hadi 14, na lapu stili mwilini haina upana huo. Nyingi zina sentimita 15 hadi 20. Ukiilaza moja kwa moja juu ya mikono, inakaa, lakini inazunguka ukiigusa. Dawa yake ni kibao. Kata plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 55, upana 20. Kata na duara la plaiwudi ya milimita 18 lenye kipenyo cha sentimita 30.5, ambazo ni inchi 12. Gundisha duara chini ya kibao kwa gundi ya mbao na skrubu sita za milimita 25, zikipigwa kutokea upande wa duara. Mikono ya stendi sasa inalibana duara kama inavyobana ngoma. Kama kingo za duara zinazotokeza mbele zinakugusa tumbo, zikate, mradi usiguse pale mikono mitatu inaposhika. Juu ya kibao tandaza ule wavu wa mpira unaowekwa chini ya zulia lisiteleze.

Duara lisikae katikati ya kibao kwa kukisia. Lapu stili ina uzito mwingi upande wa mwili, hivyo kitovu chake cha uzito hakiko katikati ya urefu. Ilaze juu ya ufito wa mwiko, isogeze mpaka itulie, tia alama ya penseli kwenye utepe uliobandikwa gitaani. Alama hiyo ndiyo ikae juu ya bomba la stendi.

Halafu miguu. Stendi ya miguu mitatu ina nguvu pale mguu unapoelekea na udhaifu katikati ya miguu miwili. Kama mguu unafika sentimita 27 kutoka katikati, ukingo kati ya miguu miwili uko sentimita 13.5 tu, nusu kamili. Basi elekeza mguu mmoja kushoto, moja kwa moja chini ya kichwa cha gitaa, kwani huko ndiko gitaa linakotokeza zaidi na ndiko mkono wenye kichuma unakokwenda ukishuka mistari ya mwanzo. Miguu miwili iliyobaki itaangukia kulia, mmoja mbele na mmoja nyuma, na pedali ya sauti inaingia katikati yake. Ukigeuza kinyume, pedali inagombana na mguu wa chuma na gitaa linapinduka siku ya kwanza utakapoegemeza kiganja vibaya.

Yanayoharibika kwenye stendi hizi yanajulikana. Nati za masikio zinalegea zenyewe kwa mtetemo. Kaza kabla ya kila onyesho, kwa mkono, si kwa koleo. Kola ya plastiki inayobana bomba inapasuka mtu akiikaza kupita kiasi, na bomba linaanza kuzama taratibu katikati ya wimbo. Funga klipu ya hozi kwenye bomba la ndani, juu tu ya kola, na bomba halitazama tena hata nati ikilegea. Sehemu ya kuinamisha yenye meno iangaliwe kwa jicho la karibu, hasa ukinunua mtumba: meno yaliyolika yanaonekana yameng'aa na kuwa ya duara kileleni, na yakishafika hapo hayashiki. Usiyakaze kabla hayajaingiana, ndivyo yanavyolika. Mwisho ni raba za miguuni. Bila hizo, juu ya vigae stendi nzima inahama kuelekea kushoto kidogo kidogo, na fundi mitambo atakulaumu wewe.

Stendi ya kinanda ya X

Hapa hesabu inaamua yenyewe. Chukua stendi ambayo kila chuma cha X kina sentimita 100. Ukiishusha hadi kimo cha 60, kwa ajili ya kuketi, vyuma vya juu vinaachana kwa sentimita 80, wakati lapu stili nyingi zina urefu wa sentimita 75 hadi 82. Gitaa linaning'inia kwa ncha zake, na X yenyewe imekalia nafasi ya magoti. Kwa kuketi, tusahau.

Ukiipandisha hadi 90, vyuma vinaachana kwa sentimita 44 tu, na gitaa linalala vizuri. Lakini miguu nayo chini imekaribiana kwa sentimita hizo hizo 44, na uelekeo wa udhaifu wa X ni ule ule wa nyuzi na vibrato. Ndiyo sababu X ya chuma kimoja inayumba kwa lapu stili kuliko inavyoyumba kwa kinanda kizito. Ya vyuma viwili, yenye bolti nene katikati na sahani ya meno inayofungwa na pini, inavumilika. Kaza bolti ya katikati kwa spana mpaka vyuma vigome kidogo kufunguka. Kiwandani mara nyingi huachwa imelegea. Kimo kizuri cha kusimama ni nyuzi kuwa sentimita 5 hadi 8 chini ya kiwiko. Zikiwa juu zaidi, kifundo cha mkono wa kulia kinakunjika na kuzuia nyuzi kwa kiganja kunakuwa shida.

Meza ya kupigia pasi, ambayo kuna watu wanaitetea kwa moyo wote, ni X ileile iliyovalishwa kitambaa. Inafaa kwa mazoezi, na nguo zinapigwa pasi.

Miguu ya kufunga kwenye gitaa

Watengenezaji wa magitaa Fender walilimaliza suala hili zamani: stili zao za Stringmaster za miaka ya 1950 zilisimama juu ya miguu minne inayorefuka, ya kuketi na ya kusimama. Kwa gitaa la shingo mbili au tatu hakuna njia bora, kwa kuwa uzito ni mkubwa na mkono unahama kutoka shingo hadi shingo. (Ile stili inayolia kwenye juju, muziki wa Mnigeria King Sunny Adé, ni pedali stili, ala nyingine kabisa, na miguu ni sehemu ya umbo lake.)

Kuongeza miguu kwenye lapu stili isiyokuwa nayo kunawezekana ikiwa mwili ni wa mbao ngumu wenye unene wa milimita 35 au zaidi. Kila mguu unaingia kwenye sahani yenye uzi, na sahani inashikwa na skrubu tatu au nne za milimita 15 hadi 20. Fungua kwanza kifuniko cha umeme ujue waya na kitundu cha jeki viko wapi, kisha funga utepe kwenye ncha ya drili kuonyesha kina. Gitaa la zamani lisitobolewe, thamani yake inashuka papo hapo. Lenye mwili mtupu, kama Weissenborn, lisitobolewe kwa hali yoyote.

Zilizobaki

Baadhi ya lapu stili za wanaoanza, kama Rogue RLS-1, huuzwa pamoja na stendi na mfuko. Stendi ya namna hiyo ijaribiwe kwa kipimo kile kile cha mstari wa 12 kabla ya kuipeleka jukwaani. Stendi ya kamera yenye skrubu ya robo inchi inabebeka kirahisi kwenye basi, lakini shingo yake inajizungusha, na kilo zilizoandikwa kwenye boksi zinahesabiwa mzigo ukiwa katikati kabisa. Stendi ya karatasi za muziki isitajwe.

Jambo moja la rangi. Magitaa mengi ya zamani yamepakwa laka ya nitroselulosi, na mpira au sponji ikiilalia kwa muda inailainisha na kuacha alama isiyotoka. Wavu wa zulia tuliousema ni wa kuchezea tu: tandika kitambaa cha pamba kati yake na gitaa, na ukimaliza kucheza, gitaa lirudi kwenye kasha.