Kurudishiwa leseni Dar es Salaam: huduma zipi zinafaa pesa yako, na ipi uikimbie

Dereva wa Dar ambaye leseni yake ina tatizo hukutana na watu wengi wanaotaka kumsaidia. Kuna madirisha ya serikali, kuna vyuo, kuna mawakili, na kuna vishoka, yaani madalali wasio rasmi, wanaosubiri nje ya kila ofisi na simu mbili mkononi. Tumezitazama huduma hizi moja moja kwa jicho la dereva anayetaka kurudi barabarani kihalali bila kulipa mara mbili. Zipo nzuri kweli. Ila hakuna hata moja inayofaa kwa kila mtu, kwa sababu leseni hufungwa na mikono tofauti, na aliyeifunga ndiye pekee anayeweza kuifungua.

Kwa hiyo anza na swali hilo: nani ameifunga? Wengi wanaosema wamefungiwa wana leseni iliyoisha muda tu, au wana faini zilizolala kwenye mfumo. Wengine wamefungiwa na polisi kwa kipindi fulani, au wameshushwa daraja. Kundi la mwisho, na ndilo lenye kazi ngumu, ni waliofutiwa au kuzuiwa na mahakama. Ukimlipa mtu kabla hujajua uko kundi gani, umelipia kubahatisha.

Huduma tunayoipa alama za juu kuliko zote ni ile ya kuangalia faini kwenye tovuti ya polisi, tms.tpf.go.tz. Haina foleni wala haihitaji kujuana na mtu. Unatafuta kwa namba ya gari, kwa namba ya leseni, au kwa namba ya kumbukumbu iliyo kwenye notifikesheni, ile karatasi ya kosa anayokupa trafiki. Hapa ndipo madereva wa daladala na deiwaka, wale wa kuitwa kwa siku, hupotea: wanaangalia kwa namba ya gari peke yake, wanaona pasafi, wanashangaa wakifika mbele wanaambiwa wana deni. Tafuta kwa namba ya leseni pia, maana makosa uliyoandikiwa ukiwa kwenye gari la tajiri (mmiliki) mwingine yanakufuata wewe. Fanya hivyo hivyo kwa gari, ili faini ya dereva aliyekutangulia isije ikageuka ugomvi wa hesabu kati yako na tajiri.

Faini ya papo hapo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja la gari. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa mwaka 2021 hadi 10,000. Angalia neno "kosa moja": kusimamishwa mara moja kunaweza kuzaa makosa matatu, na hiyo ni 90,000 kwa dereva wa gari. Kabla ya kulipa, soma kosa lililoandikwa. Kulipa ni kukiri. Kama hukubaliani nalo, haki yako ni kukataa na kupelekwa mahakamani, na haki hiyo hupotea siku unapolipa ili "yaishe". Tunawaona madereva wengi wazuri wakilipa makosa yasiyo yao kwa kuogopa usumbufu, kisha rekodi hiyo hiyo inatumika kuwapima siku wanapofungiwa. Inauma.

Malipo yote halali hupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile tuliyozoea kuiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Ukiiingiza kwenye simu au kwa wakala wa benki, soma jina la mlipaji, kiasi na taasisi inayolipwa kabla hujaweka namba ya siri. Mtu akikwambia tuma kwenye namba yake ya simu "nitakulipia mimi ndani", hapo hakuna malipo ya serikali, na risiti hutaiona.

Kama tatizo ni muda kuisha, dirisha lako ni la Mamlaka ya Mapato (TRA), katika ofisi ya mkoa wako wa kodi. Tangu mwaka 2019 leseni ya gari inadumu miaka 5 badala ya 3, na ada ilipanda kutoka 40,000 hadi 70,000. Ukigawanya kwa miaka unaona si hasara. Unahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, na kwa dereva asiye na biashara omba TIN isiyo ya biashara. Kuna watu walijaza ya biashara kwa haraka, halafu wakaanza kudaiwa makadirio ya kodi kwa biashara ambayo haipo. Picha, saini na alama za vidole huchukuliwa hapo hapo, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kwenda kwa niaba yako. Kinachokwamisha zaidi ni majina: leseni inasema Juma H. Ally, kitambulisho cha NIDA kinasema Juma Hamisi Ali. Kama tofauti ni ya tahajia au kifupi, beba kiapo cha wakili. Kama jina limebadilika kabisa, kiapo hakitoshi, utatakiwa kuwa na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Tengeneza hili kabla ya kwenda. Ndilo linalowarudisha watu nyumbani mikono mitupu.

Kufungiwa na polisi ni jambo jingine, na hapa huduma inategemea sana karatasi uliyotoka nayo siku ile. Usikabidhi leseni ukaondoka na maneno matupu. Sema kwa heshima, "Afande, naomba maandishi," na maandishi hayo yawe na vitu vinne: sababu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na daraja lililoguswa. Bila tarehe ya kuisha, kila ofisa utakayemkuta atahesabu kwa namna yake. Jalada hukaa kwenye mkoa wa kipolisi uliochukua hatua. Wa Kinondoni wanafuatilia kituo cha polisi Oysterbay, wa Temeke wanakwenda Chang'ombe. Lakini dereva wa basi aliyekamatwa Chalinze yuko mikononi mwa polisi wa mkoa wa Pwani, na kuzunguka ofisi za Dar wiki nzima hakutamsogeza. Muda ukiisha, nenda na maandishi yale ya polisi, kitambulisho, risiti za faini zote na nakala ya leseni yako. Unayemtafuta ni mkuu wa usalama barabarani wa mkoa au msaidizi wake. Ofisa aliyekukamata hana tena mamlaka juu ya jambo hilo.

Aliyeshushwa daraja, kwa mfano kutoka C hadi D, asitegemee kwamba muda utamrudisha. Daraja D ni la magari yasiyo ya abiria wala ya biashara. Daraja C ni la magari ya abiria na linahitaji mafunzo yake. Hapa tunaipendekeza kwa moyo wote kozi fupi ya madereva wa abiria ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, nao wanafundisha madereva. Faida kubwa ya NIT ni kwamba cheti chake kinahakikiwa chuoni kwa urahisi. Ofisa akikitilia shaka anapata jibu, na wewe unakuwa salama. Masomo yenyewe yana maana kazini: udereva wa kujihami, ukaguzi wa gari kabla ya safari, sheria, kumhudumia abiria. Dereva wa miaka 20 anaweza kuona anadharauliwa kurudishwa darasani. Asione hivyo. Mwendo wa juu wa gari la abiria ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50, na ajali nyingi za mabasi zinaanza na namba hizo mbili kupuuzwa na watu wanaozijua fika.

Kuna wanaochanganya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na polisi. LATRA haifungii leseni ya udereva. Inasimamia leseni ya usafirishaji ya chombo na inathibitisha madereva wa magari ya abiria kwa mtihani wa kompyuta. Unaweza kuwa na leseni safi ya TRA na bado basi lisikupokee kwa sababu uthibitisho wako wa LATRA umesimama, na kitufe chako cha utambuzi hakisomi kwenye mfumo wa kufuatilia mabasi. Uliza polisi na LATRA kwa pamoja, usimalize moja ndipo uanze nyingine.

Mahakamani ndipo penye gharama, na ndipo pekee tunaposhauri wakili. Amri ya mahakama haiondolewi na trafiki wala TRA, hata mkubwa wao. Kulipa faini ya hukumu pia hakufuti zuio la kuendesha. Hizo ni adhabu mbili. Kama kesi ilikuwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mathalani Kisutu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi kwenye hizo 45, ndiyo maana barua ya kuomba nakala iandikwe siku ile ile na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mhakiki wakili wako kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama: unaona picha yake na kama ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huu. Kubalianeni ada kwa maandishi. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria. Upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017. Na leseni iliyofutwa kabisa haihuishwi. Baada ya muda wa zuio unaomba upya: leseni ya kujifunzia, ambayo inadumu miezi 3, kisha mtihani wa trafiki.

Vishoka tunawapa sifuri. Kadi wanayokuletea inaweza kufanana na halisi kwa macho, lakini trafiki hatazami kadi tu, anaingiza namba kwenye mashine yake. Namba isipotokea, au ikitokea na jina la mtu mwingine, ulikuwa na tatizo la leseni, sasa una kesi ya kughushi. Na ukigonga mtu katika kipindi hicho, kampuni ya bima itakuuliza leseni halali kwanza, kisha itamrudia mwenye gari.

Siku ya kuchukua kadi, isome kabla hujatoka dirishani: jina, tarehe ya mwisho, na herufi zote za madaraja. Kadi ikisoma D peke yake ilhali ulikuwa na A (ya pikipiki) na D, rudi papo hapo. Kisha ingiza namba yako tena kwenye tovuti ya faini, na piga picha ya jibu.