Spre ya kujipuliza yenyewe: haina pua, iko na saa tu!

Jambo sana bandugu, bamama, bayaya wote wa Bukavu na hata wale beko Goma na Uvira, karibuni tena ku shene yetu. Leo kuran iko, umeme haujakatwa, asante Mungu, acha twende mbio mbele haiyakatika. Hii njo ile kitu mulinisumbua nayo mu komanteri, spre ya manukato ya nyumba inayojipuliza yenyewe. Mapile mawili yale ya telekomande, kopo inaingia hivi, unafunga, basi. Hiyo kila mtu anajua.

Ile inaniuzi nataka muone wenyewe. Hapa mgongoni kuna kidude kiko na nafasi tatu, dakika 9, 18, 36. Naweka 9. Nawasha. Tunangoja. Hapana, musitoke! Sikati videyo, maana nikikata mutasema Yaya amedanganya.

Wakati tunangoja nifungue hii ingine, ya dada yangu, ilikufa. Munaona? Mota kidogo sana na magurudumu ya meno ya plastiki, saa ikifika inazunguka, huu mkono unashuka unakandamiza kichwa cha kopo, psss, unapanda. Njo hivyo tu. Hakuna kitu humu ndani inayonusa! Mimi nilitoa dola 15 nikifikiri iko na akili kidogo, itasikia harufu njo ipulize. Wapi! Haina pua, iko na saa tu. Juzi nilikaanga sambaza, zile samaki kidogo za ziwa, munajua vile ile harufu inaingia mu pazia, mu blanketi, mu nywele, mpaka kesho ku kanisa bantu banajua ulikula nini, nikaangalia ile kitu juu ya kabati, imenyamaza kama mtu mwenye deni. Kisha saa saba ya usiku, tumelala, milango imefungwa, hakuna kitu inanuka, psss! Koko, mzee wetu wa nyumba, akaamka anauliza nyoka imepita wapi. Tukawasha tochi tukatafuta nyoka mpaka chini ya kitanda.

Dakika ngapi sasa? Ine. Sawa.

Tupige hesabu kwanza. Ku kopo bameandika itapuliza mara 2400. Ukiweka 9 ni mara 160 kwa siku, kopo imekwisha siku 15. Ukiweka 36 ni mara 40 kwa siku, unafika siku 60. Na reshaji moja, ni kusema kopo mpya, mimi naipata dola 8, kama unaipata, kuna wiki unazunguka soko ya Kadutu yote unarudi mikono mitupu. Kumbe mashini ni mtego tu, bei yenyewe iko mu kopo! Ila hii ya dada iko na jicho la mwanga, ukizima taa nayo inalala, koko angelala. Hii ilikuwa bora. Lakini njo ilikufa, basi sijui nimpe nani haki.

Mutasema si ununue ile ya kuchomeka ku ukuta. Na kuran gani? Bila kuran ile ni pambo. Ubani ku makala napenda, unanukia mpaka kwa jirani, lakini macho yote yanalia. Mama mmoja aliniandikia yeye anachemsha mchaichai na maganda ya ndimu, franka kidogo tu, na mama yule, kusema kweli, sina la kumjibu.

Eh, na tafazali, musiiweke karibu na mbabula, jiko la makala! Ile inayosukuma manukato mu kopo ni butani na propani, ndugu wa gesi ya kupikia, inashika moto. Na mu chumba cha mtoto mwenye asima, hapana, achaneni nayo.

Sasa musifikiri naichukia. Mu choo nimeipenda. Choo chetu hakina dirisha, 36 inatosha, mgeni akitoka anatoka na heshima yake. Mu choo naipa 8 juu ya 10. Mu salo 3. Hapana, 2, kwa sababu ya ile nyoka.

Tumebakiza abone, bafuasi ba shene, 40 tu tufike 1000, jiaboneni, mupige jem, tukifika nawaletea majiko, ile bantu banasema inakula makala nusu, tutaona kama ni kweli. Mvua imeanza ku manjanja, mabati ya juu ya nyumba, munanisikia? Napaza sauti basi.

Haya, imebaki dakika moja, nasogeza kamera karibu, tazameni huu mkono, musipepese macho... Nani? Ndiyo mama, ingia, weka tu hapo ku meza, niko nafanya videyo, niko...

Psss.

Mumeiona? Mimi sikuiona! Mama, ngoja, usifunike izo sambaza kwanza. Zimenukia lavanda.