Ramani ya Global Fishing Watch, ya bure na inasaidia kweli

Kama unanunua samaki wa meli kubwa ukauze Ulaya, icheki hii ramani ya mtandaoni inayoonyesha meli za uvuvi zilikopita kabla hujalipa, maana tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha uvuvi, yaani karatasi ya kuthibitisha samaki walivuliwa kihalali, na mzigo ukishajulikana umevuliwa kwenye hifadhi iliyofungwa hapo umekwama nao. Unatafuta jina la meli, mstari wa safari yake unatokea, ukiona umejikunjakunja juu ya hifadhi badala ya kupita moja kwa moja basi anza kuuliza maswali. Ila boti ndogo nyingi hazina kile kifaa cha AIS kinachorusha mahali chombo kilipo, ndicho kinachochora huo mstari, na nahodha mjanja anakizima tu, so mstari ukikatika usidhani jamaa alikuwa kalala. Tumia kompyuta, kioo cha simu hakitoshi.