TAHADHARI KIGOMA: Fundi wa beji za pini anakula pesa za wanafunzi

Ndugu zangu wa Mwanga, Gungu, Ujiji, Mwandiga na kokote mlipo wenye watoto kwenye timu za shule, someni hili mpaka mwisho kisha mlisambaze. Kuna kijana anazunguka mjini na mashine ya kutengeneza beji, zile za duara zenye pini nyuma. Ametula shilingi 300,000. Si pesa yangu, ni ya watoto wa timu ya roboti. Jina lake na namba zake siziweki hapa kwa sababu jalada limeshafunguliwa polisi na nimeambiwa nisitangaze, lakini nitaeleza anavyoingia kwa mtu mpaka akija kwako umtambue akiwa bado mlangoni.

Mimi ndiye mweka hazina wa timu hiyo, na yaliyosemwa juu yangu kwenye kikao cha kamati sirudii. Ninachotaka kieleweke ni kwamba maneno yanayozunguka kuwa "mweka hazina alituma pesa kwa mtu wa mtandaoni" ni ya uongo. Mtu huyu alikaa kwangu, akala kwangu.

Kwanza beji zenyewe, maana kuna waliouliza zilikuwa za nini. Mashindano ya roboti yana desturi yake. Kwenye yale ya FIRST, aliyoyaanzisha Dean Kamen kule Marekani mwaka 1989, timu hupeana beji. Mtoto anarudi nyumbani kamba ya shingoni imejaa beji za wenzake aliokutana nao. Mwalimu aliwaonyesha watoto picha, basi wakasema hawaendi mashindanoni Dodoma kupokea beji za watu bila ya kwao ya kurudisha. Wakachora wenyewe: mgebuka, samaki wa ziwa letu, mwenye magurudumu, juu jina la timu, chini KIGOMA. Binti aliyechora yule mgebuka alirudia macho yake mpaka yakakaa sawa.

Na pesa mnajua ilivyopatikana. Kuna mama wa Ujiji aliuza dumu la mawese akaleta mchango wote mkononi. Mzee wa Kibirizi alitoa dagaa wakauzwa. Watoto waliuza karanga na maandazi saa za mapumziko. Hiyo ndiyo pesa aliyoila.

Alikuja dukani kwangu mchana, mashine ameibeba kwenye begi la mgongoni. Akanisalimia shikamoo, akaomba nafasi juu ya meza ninayokatia vitenge. Mashine ni ya chuma, nzito, ina mkono mrefu wa kushusha na chini ina sahani inayozunguka yenye vitundu viwili. Watoto walikuwepo, wakazunguka meza. Nembo nilikuwa nimemtumia WhatsApp jana yake, naye alikuja nayo imeshachapwa na kukatwa duara. Akaweka kikombe kidogo cha bati, kile cha mbele ya beji, kwenye kitundu cha kwanza, juu yake karatasi, juu ya karatasi plastiki nyembamba inayong'aa. Akazungusha, akashusha mkono. Alipounyanyua kitundu kilikuwa kitupu, vyote vimebaki vimeng'ang'ania juu ndani ya mashine. Akaweka mgongo wenye pini kwenye kitundu cha pili, akazungusha tena, akashusha kwa nguvu zaidi, ukasikika mlio wa bati kukunjwa. Beji ikatoka. Mgebuka wetu huyo, rangi zimekolea, ukingo laini kabisa. Watoto walipiga kelele mpaka wa duka la jirani akaja kuangalia kuna nini. Yeye akaichukua, akambandika kifuani yule binti aliyechora, akaniambia, "Mama, hii ni mfano, sikutozi kitu."

Niambieni, nani angekataa? Mashine naiona. Kazi imefanyika mbele ya macho yangu na ya watoto. Alisema kwao Kasulu, akaongea Kiha na mama mkwe wangu mpaka mama akaagiza aletewe chakula. Risiti ya mkono alinikatia, na muhuri ukagongwa. Bei yake haikuwa ya kutupa ambayo ingenishtua: beji moja shilingi 1,500, kwa beji 200 jumla 300,000, nusu mwanzo na nusu mzigo ukifika. Hivyo ndivyo mafundi wote wa hapa tunavyofanya nao kazi. Fundi cherehani unampa nusu, wa madirisha unampa nusu. Nikampa 150,000.

Akasema vikombe vya bati vimemwishia, anaagiza Kariakoo. Sawa, kila kitu hapa kinatoka Kariakoo. Kila nikipiga anapokea. "Mama mzigo uko njiani." "Mama nimeshaanza kugonga." Akawa ananitumia picha za beji zimepangwa mezani.

Ikafika jioni ya kuamkia safari. Basi linaondoka alfajiri, watoto wamelala kwangu na mabegi yao, na umeme haukuwepo mtaa mzima. Ndipo alipokuja, giza limeshaingia, na bodaboda inamsubiri nje bila kuzima injini. Boksi alilikumbatia kifuani na hakuliweka chini muda wote. Akakata gundi ya juu kwa kisu chake mwenyewe, akafunua upande mmoja tu, akaanza kunipa beji kwa mafungu huku ananimulikia kwa tochi ya simu yake. Nilizikagua. Narudia, nilizikagua. Nilizigeuza, nikafungua pini nikaifunga, nikakwaruza ukingo kwa kucha. Zote safi kama ile ya kwanza. Fungu la pili safi, la tatu safi. Binti akachukua moja akaibusu. Huku yule kijana anasema, "Mama nisaidie nimalizie, boda ananidai muda, nina mzigo wa watu wa Bangwe." Nikatoa simu. Yeye ndiye aliyenimulikia nikibonyeza namba ya siri. Meseji ilipoingia kwake akaishusha tochi, akaniwekea boksi miguuni, akasema "Mungu awajalie mshinde," akapanda boda.

Tulipokaa na watoto kuzipanga kumi kumi kwa taa ya betri ndipo tukaona. Zile za juu zilizofaa zilikuwa 38. Chini yake zinafuata beji zenye ukingo mweupe, mgebuka amekatika mkia, ukizibonyeza kidogo kwa dole gumba plastiki inachomoka na karatasi inaanguka. Kijana wa steshenari mmoja alinieleza baadaye kwamba beji ya milimita 58 karatasi yake lazima ikatwe kama milimita 70, ili pembeni ijikunje iingie nyuma na kubanwa na mgongo. Huyu alikata karatasi sawasawa na uso wa beji. Haina kinachoishika. Mtu mwenye mashine ile anajua jambo hilo kuliko mimi na wewe, kwa hiyo msiniambie ni bahati mbaya. Alikuwa anabana karatasi na pesa.

Chini zaidi hazikuwa hata na mgongo wa bati. Kikombe cha mbele tu, nyuma kabandika kipande cha boksi kwa gundi na kuchomeka pini ya kufungia nguo. Gundi bado mbichi! Wino umetoka kwenye vidole vya watoto. Na chini kabisa ni magazeti yaliyokunjwa ili boksi liwe na uzito.

Watoto hawakulia mbele yangu. Walichukua gundi wakajaribu kuziokoa mpaka nikawalazimisha kulala. Wamekwenda Dodoma na 38, ambazo hazikutosha hata asubuhi ya kwanza, na huko walikuwa wanawaomba wenzao radhi kwamba beji zimekwisha. Wanafunzi wa Kigoma wanaomba radhi kwa sababu ya mwizi! Mimi nikipita sokoni Mwanga nainamisha uso, nahisi kila mama aliyechanga ananiangalia. Aibu ni ya kwake lakini ninayeibeba ni mimi.

Simu ilizimwa usiku uleule. Huduma kwa wateja wakaniambia pesa imeshatolewa kwa wakala, hakuna cha kurudisha. Kisha siku nyingine inaingia meseji kwa namba mpya: "Mama samahani mzigo ulichanganywa, tuma 20,000 ya usafiri nikuletee zenu." Amekula 300,000 na bado anataka nauli! Meseji hiyo nimeipeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na nakala ipo polisi.

Nimeambiwa na watu wazima wenzangu nimsamehe, eti ni kijana anatafuta maisha. Simsamehi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, mpaka miaka 7 jela, na mimi nataka aipate yote. Nataka mashine ile ichukuliwe, maana ndiyo ndoana yake. Nataka arudishe pesa mbele ya watoto haohao, amtazame usoni yule binti aliyembandika beji kifuani. Angemwibia mfanyabiashara ningesema ni mambo ya mjini. Lakini amekaa na watoto, amesikia wakihesabu pesa za karanga, na bado akaenda kukunja magazeti.

Mnaoniuliza dalili: jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa halikuwa lake, lilikuwa la mwanamke, akasema ni mkewe. Pa kufanyia kazi hatukuwahi kupaona, leo yuko Katubuka, kesho Buzebazeba. Risiti ilikuwa ya kitabu cha dukani, si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Zile picha za beji mezani, ukizikuza, hakuna hata moja yenye mgebuka wetu. Na anakuja usiku, wakati una safari, na boksi haliachii. Akikuletea, mwaga mzigo wote mezani, uhesabu, uvute migongo ya zile za chini, ndipo ulipe. Akikataa, piga kelele mtaa utoke.

Nimeshasikia kuna kwaya moja Gungu na kamati ya mahafali ya shule fulani amewafanyia hivihivi, wakanyamaza kwa kuona aibu. Nawaomba msinyamaze. Askari ameniambia malalamiko yakiwa mengi kesi inakuwa na nguvu. Namba ya RB, yaani ya taarifa yetu polisi, ninayo. Jumatatu asubuhi nakwenda tena kituoni, njooni na meseji zenu za malipo na hizo beji, hata zikiwa zimeachana, msizitupe. Ambaye hana nauli anijulishe, nitampitia.